Siku Niliyokwenda Kuposa kama Fundi wa Waifai

Mpaka leo nikipita Tabata nageuza uso upande wa pili wa barabara, na si kwamba kuna mtu ananidai, ni kwamba kule kuna nyumba yenye geti la kijani ambayo watu wake wanajua mambo yangu ambayo hata mama yangu mzazi hayajui, na hawakuyasikia kwa majirani, waliyasoma kwenye TV, kwa herufi kubwa, wakiwa wamekaa kwenye makochi. Nitawasimulia. Chekeni tu, mie nimeshazoea.

Kwanza mumjue Koku. Tulisoma wote chuo, tukapendana mwaka wa mwisho, kisha yeye akapata nafasi ya kwenda Poland kusoma uzamili, na kule jioni anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee ili maisha yaende. Kwa hiyo mchumba wangu anaishi ndani ya laptop. Nimemzoea akiwa na ukubwa wa daftari, nimezoea sauti yake ichelewe kidogo nyuma ya midomo, na mtandao ukikatika anaganda katikati ya neno, mdomo wazi, jicho moja limefumba, basi mie namtazama hivyohivyo, sifungi, kwa sababu hata akiganda ni yeye. Ufa wa ukuta wa chumba chake naujua kuliko wa chumba changu. Ila mkono wake nimeanza kusahau ulikuwa na joto gani, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Laptop yenyewe inatumia Linux, ule mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua na kuchokonoa ndani. Niliuchagua kwa sababu mie ni mtu wa kuuliza. Kwa nini nilipie kitu ambacho siruhusiwi kuona kimetengenezwaje? Kwa nini kompyuta yangu mwenyewe inifiche mambo? (Koku huwa anasema nikipewa maji ya kunywa naanza kwa kuhoji bomba.)

Basi tukakubaliana nipeleke posa. Kwao ni watu wa Bukoba waliohamia Dar zamani, na baba yake, Mzee Kamugisha, ni mwalimu mkuu mstaafu. Ukoo wao una kanuni: posa haipokelewi mpaka binti aitwe mbele ya wazee, aulizwe, "Unawafahamu hawa wageni?", na ajibu kwa mdomo wake, wote wakisikia. Kabla ya kuitwa haruhusiwi kuchungulia, wala kutuma mtu, wala kupiga simu nyumbani, maana ataonekana ana haraka ya kuondoka. Mie nikahoji. Jibu si linajulikana? Wazee wazima wanakaaje kuuliza swali ambalo jibu lake ndilo limewaleta wageni? Mjomba Elisha, kaka wa mama yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ubungo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wetu, alinitazama akasema, "Gidi, mpwa wangu, kuna siku utanyamaza, na utapendeza."

Halafu kuna hili: mposaji mwenyewe haendi. Anabaki nyumbani, mshenga ndiye anayesema. Lakini Koku yuko ng'ambo, nani atamwita? Nikajitolea. Nitakuja na laptop, nitaiunganisha na ile TV yao kubwa ya sebuleni, wazee wote wamwone vizuri badala ya kupokezana simu kama wanaangalia picha ya pasipoti. Mzee Kamugisha akaleta jibu kupitia mshenga: "Aje, lakini aje kama fundi. Na fundi hana la kusema kwenye posa."

Nikaona nimeshinda.

Jumamosi yenyewe niliamka mapema kwa wasiwasi, nikafungua laptop kuhakikisha kila kitu kiko sawa. Kilikuwa sawa. Mtu mwenye akili timamu angefunga hapohapo akaenda kunyoosha shati. Lakini kidirisha kikatokea pembeni: kuna toleo jipya la mfumo, liwekwe sasa? Na mie nikawaza, kwa nini nimpeleke Koku mbele ya wazee kwa toleo la zamani? Nikabonyeza. Chumbani kwangu Sinza sina waifai, huwa nachomeka simu kwenye laptop kwa waya natumia bando, kwa hiyo toleo jipya lilikunywa bando langu lote mpaka tone la mwisho, na lilipomaliza nikaliona lile la zamani bado limekaa pembeni halina kazi, nikalifuta. Ya nini kubeba mizigo? Nikachomoa waya, nikauacha kitandani, nikaondoka nikipiga mluzi.

Tabata tulipokelewa vizuri. Shikamoo zikapigwa, soda zikafunguliwa, Mjomba Elisha akasimama akazungumza kwa ufasaha mpaka nikasahau kwamba huyo kijana mtulivu anayesifiwa ni mie. Mzee Kamugisha akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Tumewasikia. Sasa binti aitwe."

Wote wakageukia TV. Nikawasha. Na pale juu kwenye kona, mahali alama ya waifai inapokaaga, hapakuwa na kitu. Si kwamba ilionyesha imekatika. Haikuwepo kabisa, kama pengo la jino.

Nikamnong'oneza Mjomba. Mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Wazee wetu, fundi wetu anaomba kujua kama mtandao wa nyumba hii uko hai."

"Uko hai sana," alijibu Shangazi Adela, dada yake Mzee Kamugisha, akiinua simu yake juu. "Mie hapa naangalia mapishi tangu mmeanza kusifiana."

Wakacheka. Nikanong'ona tena. "Fundi anaomba uzimwe, halafu uwashwe," akasema Mjomba, na Shangazi ikabidi apande kwenye kigoda, na gauni lake lile la sherehe, azime kile kidude juu ya kabati, akiwashe tena. Simu za wote zikarudi mtandaoni. Yangu mie, pengo lilelile. Nilikuwa nimewapandisha watu kwenye vigoda kwa kosa la laptop yangu.

Ikabidi nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Sasa fikirini, kila ninachoandika kinatokea kwenye TV ya sebule nzima. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza kama naingia benki ya mtu. Kwa kujisahau nikamjibu, "Hapana mzee, ni maandishi ya kawaida tu," na Shangazi Adela akapiga kofi: "Fundi amesema! Faini, kreti ya soda!" Halafu Mzee Kamugisha akavaa miwani. Ualimu haustaafu. Alianza kusoma kila mstari kwa sauti na kuwafafanulia wenzake.

"Inasema kifaa hakijaonekana... Anajaribu tena... Inasema haiitambui amri hiyo. Kijana, hapo umeruka herufi. Rudi nyuma."

Nikarudi nyuma. Alikuwa sahihi.

Mwishowe nikaelewa. Toleo jipya lilikuja bila dreva ya waifai yangu, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa. Asubuhi sikugundua kwa sababu nilikuwa natumia waya. Toleo la zamani lilikuwa nayo, ningewasha lile mambo yakaisha, lakini nilikuwa nimelifuta kwa mikono yangu. Na ili kuipakua hiyo dreva unahitaji mtandao. Nikamweleza Mjomba sikioni, akanitazama kwa muda, kisha akasimama kwa heshima zote.

"Wazee wetu, fundi anasema, ili apate mtandao, anahitaji mtandao."

"Mshenga, hebu rudia," akasema Mzee Kamugisha.

"Hata mie nilimwomba arudie," akasema Mjomba.

Hapo Shangazi Adela, Mungu amweke, akasema neno la maana kuliko yote ya siku ile: "Jamani, kwani si tumpigie mtoto kwa simu? Hii hapa yangu, ina kila kitu."

Na mie, badala ya kuanguka miguuni pake, nikaruka: "Hapana, Shangazi! Dakika mbili tu!"

Hata faini hawakunitoza safari hii, waliniangalia tu. Nikikumbuka ile sauti yangu natamani kuimeza. Simu ilikuwa mkononi mwake, inawaka, na Koku alikuwa upande wa pili amekaa kitandani, anangoja kuitwa, maana kanuni inamkataza kuita. Nilichokuwa nalinda ni nini? Sifa za Linux? Mzee Kamugisha naye akashika msimamo. "Tuliahidiwa TV. Tutamwona kwenye TV. Fundi aendelee."

Ndipo nikapata wazo ambalo nilipaswa kulipata tangu mwanzo: simu yangu iingie kwenye waifai ya nyumba, halafu niiunge na laptop kwa waya. Mjomba akaomba paswedi. Mzee Kamugisha akaangalia pembeni. "Aliiweka Koku mwenyewe kabla hajaondoka," akasema. "Ni jina lake. Lote. Hatujaibadilisha."

Nikaandika. Kokusima, na yale mengine yanayofuata. Nilikosea mara ya kwanza kwa sababu ya vidole, nikaandika tena. Siku zote nilidhani ni mie peke yangu hapa Dar ninayeliandika jina lile nikimtafuta, kumbe kila mgeni aliyeomba mtandao kwenye nyumba ile ameliandika, na baba yake amelitamka kwa kila mmoja.

Waya wangu uko Sinza, si mnakumbuka. Wa Shangazi ulikuwa wa kuchajia tu, haupitishi kitu kingine. Yule mzee wa mlangoni akatoka kwenda kuchukua wa kwenye gari lake, taratibu, akarudi nao, taratibu. Nikauchomeka. Laptop ikaingia mtandaoni. Wazee wakapiga makofi, wallahi, mie Mkristo niliapa hivyo moyoni, na kabla sijafungua chochote meseji za Koku zilizokuwa zimerundikana zikaanza kudondoka kwenye TV moja baada ya nyingine, na Mzee Kamugisha, aliyekuwa ameshazoea kusoma, akaendelea kusoma.

"'Mpenzi niko tayari. Nimevaa kile kitenge ulichonitumia.'"

"'Mbona kimya?'"

"'Usiniambie umeapdeti.'"

"'Gidi. UMEAPDETI.'"

Nilikuwa natafuta pa kubonyeza ili zisitokee, mkono hauoni, jicho halioni.

"'Baba akianza kusafisha koo ujue kakasirika, mwambie Mjomba aisifie migomba yake ya nyuma, atalainika.'"

Mzee Kamugisha akasafisha koo. Hakufanya makusudi, nadhani. Sebule ikapasuka kwa kicheko, Mjomba Elisha akafunika uso kwa kofia yake. Iliyofuata ilisema amenikumbuka mpaka anaongea na mto, na mengine ambayo sitayarudia hapa. Mzee alifika katikati akanyamaza, na Shangazi Adela akammalizia, mpaka nukta.

Ya mwisho hakuisoma mtu yeyote kwa sauti. Ilikaa tu pale.

"Muda umefika, naingia zamu. Simu inafungiwa kabatini. Nilingoja, Gidi. Nilitamani sana niulizwe."

Kicheko kikaisha. Nikapiga hata hivyo. Picha yake ikajaa TV nzima, ile aliyopiga uwanja wa ndege siku anaondoka, na mlio ukaita na kuita mbele ya wazee wote mpaka ukakata wenyewe. Shangazi akajaribu kwa simu yake. Vilevile.

Mjomba akafanya alichoweza. "Wazee wetu, binti mmemsoma wenyewe. Jibu si limeonekana?"

"Limeonekana," akasema Mzee Kamugisha, akivua miwani. "Lakini kanuni yetu haisemi tusome, inasema tusikie. Na mwanangu sitamuuliza swali kama hilo akiwa amesimama koridoni kazini, anaiba dakika. Akimaliza masomo atarudi, atakaa kwenye kiti hiki, ataulizwa." Akanigeukia. "Leo alikuja fundi, kazi yake tumeiona. Siku hiyo abaki nyumbani, kama mposaji." Tulipofika mlangoni akaongeza, bila kucheka, "Migomba iko nyuma. Kaiangalieni kabla hamjaondoka."

Tukaenda kuiangalia. Ni mizuri kweli.

Koku anamaliza masomo mwakani.

Magharibi ile nilikuwa nimekaa barazani Sinza, bando jipya nimeshanunua, baa ya jirani ndiyo kwanza inafungulia muziki, simu ikaita. Alikuwa kwenye mapumziko. Nikamweleza yote, akacheka mpaka akakohoa, ile ya migomba akaomba niirudie. Halafu akatulia.

"Kwa hiyo hawakuniuliza."

"Hawakufika huko."

"Nilijifunza kujibu mbele ya kioo. Unajua? Jana nzima." Nikasikia mlango ukifungwa upande wake. "Basi niulize wewe."

Nikaona aibu, muuza chipsi wa pale mtaani alikuwa hatua chache tu kutoka nilipokaa. Lakini nikauliza, kwa maneno yaleyale ya wazee. Koku, unawafahamu hawa wageni?

"Nawafahamu," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile mtandao haukukwama hata kidogo.

Basi nimeapa: siku mtu anangoja kuniona, sitagusa toleo jipya la kitu chochote, hata saa ya ukutani sitabadilisha betri, na mtu akinipa simu inayofanya kazi nitaipokea kwa mikono miwili. Na ile kanuni siihoji tena. Nilitaka kujua kwa nini wazee wakae kusikiliza jibu ambalo kila mtu analijua. Sasa ninalo mie peke yangu, nimelisikia vizuri kabisa, na halihesabiki mpaka alitamke tena pale Tabata, akiwa amekaa kwenye kile kiti, nami niko Sinza nangoja Mjomba arudi aniambie.