Kengele ya Ng'ombe Kwenye Bampa

Siku ile naikumbuka kwa nyayo za miguu yangu, mwanangu, kabla sijaikumbuka kwa kichwa. Nikiwa nimekaa hapa Makoko natazama ziwa, gari likipita bila kelele, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu wenyewe kutafuta breki. Wajukuu hunicheka. Nawaacha wacheke.

Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami kijana wa miaka ishirini na kitu, dereva wa lori la Mzee Sefu, mfanyabiashara wa pamba hapa Musoma. Lori lile lilikuwa ugomvi wa kila siku. Usukani unaushika kwa mikono miwili na bega, na gia haiingii mpaka ukanyage klachi mara mbili na kuiomba radhi. Saa ya mwendo ilikuwa imekufa kabla sijaajiriwa, honi vilevile, wala hatukuzitafuta. Mwendo tuliupima kwa masikio na makalio. Mabati yakianza kupiga kelele, unajua sasa unakwenda. Meno yakianza kugongana, unajua umezidi, unapunguza. Madereva wote wa njia ya Bunda tulifundishana hivyo, na tulijiona mabingwa.

Watu wa kando ya barabara nao walikuwa na namna yao. Karibu na njia panda ya Butiama alikaa Mzee Magesa, mfugaji, ambaye kila nilipopita na marobota ya pamba alinipokea kwa kibuyu cha mtindi. Ng'ombe wake walivuka barabara kwenda kunywa maji. Sikuhitaji honi, maana lori lilijitangaza lenyewe tangu huko mlimani. Nikifika, ng'ombe wameshatolewa, mzee yuko kando na kibuyu chake.

Basi Mzee Sefu akanunua gari la kifahari, jeusi, kwa mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu aliyekuwa anarudi kwao. Watu walifunga maduka kuja kulitazama. Akanipa ufunguo nikamchukue dada yake Bunda.

"Masatu," akaniambia, "nenda taratibu, mwanangu. Hili si lori."

Nikamjibu ndiyo mzee, huku moyoni nasema, aliyemshinda fahali atashindwaje na ndama?

Nilipoketi nilishtuka. Nikawasha, nikadhani halijawaka, nikawasha tena, likanikoromea mbele ya watu wote. Kumbe lilikuwa limewaka tangu mwanzo! Usukani uligeuka kwa kidole kimoja. Gia iliingia kama kijiko kwenye samli. Mashimo niliyoyajua moja moja sikuyasikia yalikokwenda. Nilifunga vioo, vumbi likabaki nje, na kwa mara ya kwanza tangu nianze udereva nikasikia pumzi zangu mwenyewe. Kipya kinyemi, mwanangu. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Nikangoja mabati yapige kelele ili nijue nimeanza kwenda. Hayakupiga. Nikakanyaga. Nikangoja meno yagongane. Kimya. Nikakanyaga tena. Saa ya mwendo ilikuwa mbele ya macho yangu, nzima kabisa, mshale unapanda, nami sikuitazama hata mara moja, kwa kuwa sikuwa na tabia hiyo. Nilijiona nakwenda polepole hata nikaona haya.

Nikateremka ule mlima. Ng'ombe walikuwa katikati ya barabara, wote, na Mzee Magesa katikati yao, amenipa mgongo.

Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Gari likateleza, kimya vilevile, halafu nikasikia kishindo kimoja. Kisha vumbi, na ng'ombe wakilia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo huo nimeusikia.

Nilitoka nikiita jina lake. Dume lililokuwa likitangulia kundi lilikuwa limelala mbele ya gari, limekufa, kengele ingali shingoni. Mzee simwoni. Nikasema nimeua. Nimemuua mtu aliyeninywesha kwa mkono wake. Nikashuka mtaroni, nikamkuta ameketi kwenye majani, mguu umepinda vibaya, ananitazama.

"Masatu? Ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Nisamehe."

Alilitazama gari, akanitazama mimi, na ule mshangao wake uliniuma kuliko fimbo.

"Sisi barabara hatuiangaliagi, kijana. Tunaisikilizaga. Lori lako tunalisikiaga likiwa bado mlimani, tunatoa ng'ombe. Leo mbona umekuja kama chui? Nilikukosea nini?"

Miaka yote nilikuwa nalalamikia makelele ya lori, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiwalinda watu, na kunilinda mimi.

Nilimbeba mgongoni nikamlaza kwenye kiti cha ngozi, nimpeleke hospitali Musoma. Mkewe alikuwa ameshafika mbio kutoka nyumbani. Mzee akamwomba alivue lile dume kengele, akanipa mimi.

"Funga hapo mbele. Hata ng'ombe tunamvishaga, ajulikane anapokuja. Usipofunga, mimi siendi."

Nikaifunga kwenye bampa. Gari la kifahari likaingia mjini likilia kengele kama linatoka malishoni, nami kwenye usukani nalia machozi. Watu waliolisifia asubuhi waliduwaa. Mzee Sefu alitoka dukani, akaona bampa lilivyopinda, akamwona mzee wa watu kwenye kiti cha nyuma. Akaishika ile kengele. "Isitolewe," akasema. Dada yake alichukuliwa kesho yake, kwa kengele hiyohiyo.

Mguu wa Mzee Magesa ulipona, lakini hakuweza tena kufuata ng'ombe. Kibuyu cha mtindi hakuacha kunipa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi, na linaniuma mpaka leo.

Sasa umeniambia wiki ijayo unakwenda Mwanza kuchukua gari lako, zuri, lenye ubaridi ndani. Sikukatazi. Nasaha yangu ni hii: kila kinachokulainishia safari kinakunyang'anya kitu kilichokuwa kinakuonya. Iwe gari, iwe cheo, iwe nyumba kubwa. Usiupime mwendo wako kwa raha ya kiti chako. Walioko barabarani hawakalii kiti hicho. Itazame saa ya mwendo. Piga honi mapema. Na ukimkuta mtu amekupa mgongo, jua amekuamini.

Mungu akutangulie, mwanangu. Barabara ikupeleke na ikurudishe, na kila utakayempita naye afike kwake salama. Sogea hapa, ufungue hilo sanduku. Kengele niliachiwa na Mzee Sefu gari lilipochakaa; imeshika kutu kidogo, lakini itikise uone, bado inalia.