Tableti Niliyoizima Sauti

Hasira bado ninayo, na nitawaeleza kwa nini. Ninafundisha darasa la tatu hapa Goma. Kwangu sentensi ikisemwa, darasa lote linairudia kwa nguvu, mpaka watu wa Kibati, kule nje ya mji, wasikie. Ndivyo nilivyofundishwa, na nikasoma.

Basi wakaniletea Furaha, binti mwenye usonji, pamoja na tableti ya picha. Direkteri wa shule akaniambia tu, "Madame, hii itamusaidia kutulia."

Kutulia na mchezo? Sikungoja hata iseme neno, nikaizima sauti. Sasa kila mara darasa likirudia, Furaha anabonyeza picha moja, ileile, huku akinitazama. Nikapaza sauti. Akabonyeza zaidi. Mwishowe akaingia chini ya meza akilia, nami nikamwita direkteri na mama yake waje waone kazi ya mashine yao.

"Mutoto wako ananizarau," nikamwambia mama yule mbele ya darasa. "Mimi nafundisha, yeye anacheza."

Mama aliichukua tableti, akarudisha sauti, akainama na kumpa mwanawe. Furaha akabonyeza picha yake. Ikatoka sauti ya mama huyohuyo, aliyoirekodi nyumbani, ya upole kabisa:

"Madame, masikio inaniuma. Naomba upunguze sauti."

Na wanafunzi wangu, niliowazoesha mwenyewe, wakasimama wote, wakanitazama, wakairudia sentensi ile kwa nguvu.