Siku Tatu za Kutafuta Wadhamini, Reynoldsburg

Karatasi zilikuwa nzuri mno, na uzuri wake ndio ulionishtua. Mistari hamsini na kitu, kila mstari na jina, anwani, tarehe na sahihi, wala hapakufutwa hata herufi moja. Maandishi yote yamelala upande mmoja, kama ya cheti cha ubatizo. Sahihi nazo zilipambwa kwa kikia kidogo mwishoni. Kila sahihi na kikia chake, na vikia vyote vilikuwa vya mkono mmoja.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa nane, ndani ya ukumbi wa kanisa la Wakongomani hapa Reynoldsburg, mashariki mwa Columbus. Mimi si muumini wa kanisa hilo. Ni Mwislamu wa Tanga, nilikuja Ohio kusoma, nikabaki. Lakini kila Jumamosi huwa wananiazima ukumbi nifundishe darasa la uraia: jinsi serikali ya hapa inavyoendeshwa, maswali ya mtihani, maneno ya kiapo. Mama aliyenikabidhi zile karatasi alikuwa mwanafunzi wangu wa miaka ya mwanzo. Alipofika kutoka kambi ya wakimbizi aliletwa kwanza mji wa Louisville, kisha akahamia kwetu kufuata kazi ya kutunza wazee. Alifaulu mtihani wake, akaapa, akawa raia. Sasa alitaka kuwa diwani wa kata yetu.

Sababu yake ilikuwa rahisi kuieleza. Kati ya apatimenti zetu na maduka kuna barabara ya magari ya kasi, na pembeni mwake hakuna mahali pa kutembea. Asiye na gari anapita kwenye majani, na theluji ikianguka anapita barabarani. Yeye alipita hapo miaka miwili akisukuma kigari cha mtoto. Mwaka jana alikwenda kwenye kikao cha baraza, akapewa dakika tatu kama kila mwananchi, akaomba ijengwe njia ya waenda kwa miguu. Wakamshukuru, wakaendelea na jambo lililofuata.

“Mama mwalimu,” aliniambia alipoamua kugombea, kwa Kiswahili cha Kongo ambacho “njo” ni “ndipo”, “ile siku njo nilijua. Kule mbele kuko viti. Miye nataka kiti, sitaki tena dakika tatu.”

Nilifurahi sana. Nikamweleza hatua ya kwanza, ambayo msomaji wa Tanzania ataitambua upesi: lazima upate wadhamini. Wapiga kura hamsini walioandikishwa katika kata watie sahihi kwenye fomu, na fomu ifike kwa msimamizi wa uchaguzi kabla ya saa kumi jioni ya Jumatano iliyopangwa. Ukichelewa dakika moja, jina lako halitaonekana kwenye karatasi ya kura, na utasubiri miaka minne. Kila mdhamini hutia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, na anayezungusha fomu huapa kwa maandishi kwamba aliona kila mmoja akifanya hivyo.

Jumatano hiyo ilikuwa imebaki siku tatu tu. Na karatasi nilizoshika zilikuwa zimeandikwa, toka juu hadi chini, na Papa Katibu.

Huyu, waliyemwita “papa” kwa maana ya baba, alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Uvira, Kongo, zamani zake, sasa katibu wa kanisa. Kila orodha ya jumuiya ile huandikwa naye: ya msiba, ya harusi, ya wanaokwenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Utaratibu ni mmoja. Baada ya ibada jambo linatangazwa, watu wananyoosha mikono, wanamwambia, “Papa Katibu, uniandike,” naye anaandika. Sijawahi kuona mtu mwingine akishika kalamu mbele yake. Ingekuwa kama kuingia jikoni kwa mwenye nyumba na kufunua sufuria.

“Papa Katibu,” nilimuuliza, “nani ametia sahihi hizi?”

“Ni miye,” alijibu kwa fahari, na “ba” za kwao mahali pa “wa” na Kifaransa kidogo ndani. “Bote balikubali. Balinyoosha mikono mbele ya Mungu. Donc, ni kama bao benyewe.”

Ilibidi niseme, nikasema. Nikaeleza kwamba tukizipeleka zile karatasi zitakataliwa, na zaidi ya kukataliwa, mtu anaweza kusema tumeghushi. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, akairudisha, akaivua tena.

“Basi nimeua kazi ya mama,” alisema.

Lakini kosa lilikuwa langu, na nililisema hapo hapo. Wiki mbili kabla nilikuwa nimewafundisha somo zima la fomu ile. Niliandika ubaoni nani anaruhusiwa kudhamini, anwani iandikwe vipi, tarehe ya hapa inavyotanguliza mwezi kabla ya siku. Sikusema kwamba kila mtu ashike kalamu mwenyewe. Kwangu lilikuwa jambo la wazi kabisa, halina haja ya kusemwa. Tangu siku hiyo, nikiandaa somo lolote, huanza na lile ninaloliona la wazi.

Mgombea wetu aliinuka, akavuta kiti, akaketi karibu na mzee, magoti yakitazamana.

“Papa, haujaua kitu. Uniambie: nani anajua kila mutu anatoka kazi saa ngapi?”

“Miye.”

“Na mulango ya kila mutu, nani anaijua?”

“Ni miye tu.”

“Bon. Simama. Tuko na siku tatu.”

Nilichapa fomu mpya alasiri hiyo hiyo. Tulipanda gari langu, mzee kiti cha mbele na daftari lake la waumini mapajani, mgombea wetu nyuma. Lile daftari lilikuwa mali kuliko ramani yoyote. “Hapa, jengo la pili, bwana anatoka ghalani saa nane. Mke anafanyaka zamu ya usiku, usibonyeze kengele mbele ya saa saba. Hapo juu, bao ni bantu ba Fizi, beko na mbwa, lakini mbwa haina shida.” Nyumba tatu za mwanzo nilimwona akieleza kwa uchungu, macho chini, kama anayeungama. Watu walishangaa: si wameshaandikwa kanisani?

Mlango wa nne alifungua mama mmoja mnene, mikono imejaa sombe, kisamvu cha kwao, na mafuta.

“Eh! Papa Katibu, weye njo unatuandikaka. Leo mukono imechoka?”

“Haijachoka. Amerika inataka mukono yako, yangu imekataliwa.”

“Yangu iko na mafuta!”

“Unawe. Tunangoja.”

Alinawa, akaja, akatia sahihi polepole, ulimi nje. Kisha akauliza, “Na bwana yangu? Nimusainie tu, ako mu bafu.”

“Hapana!” mzee alipaza sauti hadi jirani akachungulia. “Hata wewe mama, usiharibu! Bwana atoke na mukono yake!”

Bwana alitoka na taulo kiunoni na povu sikioni, akatia sahihi yake mlangoni, huku mkewe akishikilia ukuta kwa kicheko. Kuanzia mlango ule mzee alipona. Kila tulikofika ndiye aliyetangulia: “Kila mutu mukono yake! Hakuna kusaidiana leo!” Nikafikiri moyoni kwamba ananishinda kufundisha.

Hata hivyo kufundisha vizuri hakuongezi wapiga kura. Wengine walikuwa na kadi ya kuishi tu, bado si raia. Wengine walikuwa raia lakini hawajajiandikisha. Familia mbili zilikuwa zimehamia kata nyingine bila kumwambia katibu, naye akaliona hilo kama tusi dogo. Jumanne saa tisa alasiri daftari lilikuwa limekwisha na tulikuwa na majina thelathini na manane.

Tulisimama kwenye maegesho, jua linachoma. Nyuma ya apatimenti zetu kuna mtaa wa nyumba za peke yake, zenye bustani mbele. Tumeishi mgongo kwa mgongo na mtaa ule miaka yote hiyo na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugonga mlango huko.

“Kingereza yangu itavunjika,” mgombea wetu alisema.

“Ikivunjika tutaiokota,” nikamwambia. “Unachotaka unakijua. Sema hicho tu.”

Mtu wa kwanza tuliyemkuta alikuwa mzee wa Kizungu akikata majani kwa mashine. Aliizima alipotuona, akatutazama watatu: mimi na hijabu yangu, mgombea wetu na sare ya kazini, Papa Katibu na suti yake ya Jumapili siku ya Jumanne. Mgombea wetu akaanza. Alitaja barabara, theluji, kigari cha mtoto. Kiingereza chake kilijikwaa mara mbili na mara zote mbili kilisimama chenyewe. Yule mzee hakumkatisha. Alipomaliza, mzee alisema kwamba ameandikia baraza barua kuhusu barabara ile tangu mkewe alipokuwa hai, na mkewe alifariki zamani. Akaomba kalamu.

Papa Katibu alimpa kwa heshima ya kwao, mkono wa kulia unatoa na wa kushoto umeshika kiwiko. Yule mzee akaipokea vivyo hivyo, sidhani alijua kwa nini. Alitia sahihi. Kisha, badala ya kuwasha mashine yake, akatuambia tumfuate: jirani wa kulia ni mgumu, lakini akiombwa naye hawezi kukataa. Jirani wa kulia hakukataa. Wala aliyemfuata. Mwenye duka la viungo, Mnepali, alituita yeye mwenyewe kutoka upande wa pili wa barabara kuuliza tunauza nini, akatia sahihi, akamwita mkewe, na Papa Katibu akasimamia kuona kwamba mke ameshika kalamu mwenyewe. Kufikia magharibi tulikuwa tumepita hamsini.

Jumatano saa nane mchana mgombea wetu alitoka kazini moja kwa moja na kupeleka fomu. Siku chache baadaye majibu yakaja: zilizokubaliwa zilitosha, na tatu zikazidi. Jina lake lingechapishwa.

Msimu wa kampeni ulikuwa wa kutembea tu. Alikuwa akishindana na diwani aliyekikalia kile kiti muda mrefu, mtu wa adabu. Kwenye mkutano wa wagombea maktabani, huyo diwani alisema kwa upole kwamba mwenzake ni mama mwema ila bado ni mgeni. Nilimwona mgombea wetu akikunja karatasi ya hotuba niliyomsaidia kuandika, akaiweka pembeni.

“Nimeishi hapa miaka tisa,” alijibu kwa Kiingereza. “Kila asubuhi ninaogesha wazee wa mji huu. Ni wazazi wenu. Mgeni hamwogeshi mzazi wako.”

Mtu wa nyuma akapiga makofi, na wengine wakafuata. Yule diwani naye alipiga, namheshimu kwa hilo. Hotuba yangu ilibaki mezani, na sikuisikitikia hata kidogo.

Siku ya kura, mwezi wa kumi na moja, Papa Katibu alikuwa na simu mbili na daftari. “Umeenda? Bado? Unangoja nini, malaika akuchukue?” Vituo vilipofungwa tulikusanyika ukumbini. Mdogo wake mgombea, anayeuza vyakula Grant Street huko Buffalo, mwendo wa saa tano kwa gari, alikuwa nasi kwa simu ya picha, tumeiegemeza kwenye kreti la soda. Nyuma yake wateja walikuwa wakichungulia na kuuliza kama bado. Binti mkubwa wa mgombea alishika kompyuta na kutusomea matokeo kwa Kiingereza, jinsi watoto wetu wanavyotujibu siku hizi. Kwanza mama yake alikuwa nyuma. Kisha nyuma kidogo. Kisha mbele kwa kura unazoweza kuziketisha ndani ya basi moja. Kikabaki kituo kimoja, cha mtaa ule wa nyuma yetu, wenye bustani.

Mtu fulani alikuwa ameanza sala kwa sauti ya chini akasahau kuimaliza.

Binti aliruka kutoka kitini na kupiga ukelele ambao haukuwa wa lugha yoyote. Mama yake akamshika mabega.

“Useme kwa Kiswahili! Useme!”

“Umeshinda, mama! Umeshinda!”

“Ni ya kweli, ama ni kompyuta inasema tu?”

“Ni ya kweli!”

Vigelegele vilivyolipuka pale vilisikika Buffalo bila simu. Huko dukani nako wakaanza vyao, wateja na wote. Papa Katibu alipanda juu ya benchi, kitu ambacho mwalimu mkuu hafanyi, akalitangaza jina la mgombea wetu pamoja na cheo chake kipya, mara tatu, kama anayeita mahudhurio. Dakika chache baadaye simu ikalia. Alikuwa yule diwani, anampongeza. Mgombea wetu aliipokea amesimama wima, akamshukuru, akamwita “papa” katikati ya Kiingereza, akamwomba amfundishe yale ambayo atakuwa hayajui.

Alipokata simu alitaka kutuambia twende kulala, kwamba saa kumi na mbili asubuhi yuko kazini. Hakufika mbali. Akina mama wa kwaya walishamzunguka. Kwa miaka mingi nimesimama katika ukumbi ule nikifundisha kwamba diwani ni mtumishi wa kata. Jioni ile kata ilimbeba mtumishi wake mabegani, ikamtoa nje kwenye maegesho yenye baridi, ikamzungusha kati ya magari yaliyokuwa yakipiga honi, viatu vikamtoka kimoja kimoja, naye akicheka na kulia na kudai ashushwe, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsikiliza.