Spika ya Upande wa Wanawake

Abdurahman wa Boga alikuwa mpishi, lakini ukimwuliza mtu wa Diani wa enzi zile atakwambia kwanza kwamba alikuwa mdadisi, upishi ulifuata baadaye. Alizaliwa Msambweni, na mama yake alikuwa na mzaha wake kwamba mtoto huyu hakulia alipotoka tumboni, aliuliza. Aliuliza samaki hulalaje na hafumbi macho. Aliuliza mwangwi hukaa wapi wakati hakuna anayeita. Siku moja aliifungua saa ya ukutani ya baba yake apate kuona kinachogonga humo ndani, na baba yake akamgonga yeye.

"Kuuliza si ujinga, baba," alijitetea huku akilia.

"Kuuliza si ujinga," baba yake akamjibu. "Kufungua ndiko ujinga."

Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya upishi kwa mzungu mmoja mwenye nyumba ya ufukweni pale Diani. Mzungu huyo hakuwa na mke wala mbwa. Mapenzi yake yote yalikuwa kwa mtambo wa muziki: kinanda cha santuri, amplifaya nzito ya taa za kioo, mashine ya ukanda wa kunasia sauti, na spika mbili za mbao zilizomfikia Abdurahman kiunoni. Watumishi wenzake waliuogopa mtambo ule wakaufuta vumbi kwa mbali. Abdurahman aliusogelea. Alisikia mwimbaji amesimama katikati ya spika mbili, mahali pasipo na kitu, akaacha sinia mezani akaenda kupapasa hewa kwa mkono.

"Hapa hapana mtu," alisema, kana kwamba amedhulumiwa.

Mzungu alicheka mpaka akakohoa. Kisha akamweleza kwamba mtu ana masikio mawili, na kila spika ina lake la kusema, na akili ndiyo inayomjenga mwimbaji pale katikati. Abdurahman alirudi jikoni akaunguza mchuzi, kwa kuwaza.

Uhuru ulipokuja majirani wengi wa kizungu waliuza nyumba wakaenda zao. Huyu aling'ang'ania miaka kadhaa, mwisho uzee ukamshinda. Wakati wa kuondoka aliwagawia watumishi viti, vyungu na mashuka. Mtambo mzima alimpa Abdurahman, kwa kuwa, alisema, yeye peke yake ndiye aliyewahi kumwuliza unafanyaje kazi. Mwenye nyumba mpya alikaa Mombasa na kuja sikukuu kwa sikukuu, akambakisha Abdurahman awe mpishi na mlinzi. Basi mtambo wa thamani ile ukahamia chumba chake cha nyuma, kilichokuwa na kitanda kimoja, taa moja na tundu la umeme. Spika zilijaa chumba kizima, na kwenda kitandani ilimbidi apite ubavu.

Watu walidhani atapiga taarabu. Yeye alikuwa akipiga ukanda mmoja tu.

Ukanda huo ulirekodiwa Msambweni, nyumbani kwake mwenyewe, siku ya maulidi. Mzungu aliomba aje na mashine yake ya betri, na Abdurahman, kwa kiherehere chake, akamkubalia bila kumwuliza mtu. Vipaza sauti viwili vilisimamishwa uani, kimoja upande wa kulia, na cha pili upande wa kushoto, karibu na mlango wa nyumba. Mlangoni palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia, kama ilivyo ada, walikaa wanawake. Wanaume husoma na kuitikia nje, wanawake huitikia kutoka ndani, na sauti zao humfikia mtu mgongoni.

Mkewe, Mwanarusi, alikasirika vibaya sana. Hakupiga kelele, hiyo haikuwa tabia yake. Alimwita kando akamwambia, "Sauti yangu ni ya kumswalia Mtume, na ya kukuita wewe ukichelewa. Si ya kufungwa ndani ya ukanda ikapigwe mtu akila kiamsha kinywa chake. Leo siitikii." Kisha akaingia ndani, na pazia likaanguka.

Abdurahman alishinda siku ile akihudumia wageni, amevimba kwa hasira na kwa aibu. Usiku, maulidi yakiendelea, sahani ilitokezwa chini ya pazia, wali wa nazi na samaki wa kupaka, kichwa cha changu kimetengwa kando na kipande cha ndimu, vile vile alivyopenda. Alijua ni dada yake Kadzo, maana Kadzo alikuwa na huruma. Kesho yake alimshukuru, na Kadzo akasema "haya" akaenda zake.

Mwaka uliofuata Mwanarusi alipatwa na homa akafariki. Katika muda wote huo Abdurahman hakuwahi kumwuliza kama aliitikia siku ile au alikaa kimya. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, na jambo dogo ndilo gumu kulianzisha. Alipokufa, dogo lile likawa kubwa. Kama aliitikia, basi alimsamehe palepale, kabla usiku haujaisha. Kama hakuitikia, basi aliingia kaburini na kinyongo chake kidogo, kimebaki huko. Mdadisi wa Diani nzima alikuwa na swali moja tu la maana maishani mwake, na hilo ndilo aliloshindwa kulitamka. Hakumwuliza Kadzo wala mwanamke yeyote aliyekuwapo, na aliona haya hata kujiuliza mwenyewe kwa sauti.

Badala yake alisikiliza ukanda. Lakini kila alipousikiliza, kiongozi wa maulidi, mwenye kifua kama ngoma, alisimama katikati ya spika mbili akafunika kila kitu. Wanawake walisikika kwa mbali, wamechanganyika na wanaume, wote mbele. Hakuweza kumtambua hata mmoja.

Ndipo siku moja alipokwenda Ukunda kwa Kitsao, fundi wa redio. Kitsao alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, Mkristo, mpole, mwenye tabia ya kuongea na redio zilizokufa kama mganga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Nina mtambo wenye spika mbili mbele. Nataka spika nyuma."

"Nyuma ya nini, mzee?"

"Nyuma yangu."

"Kwani wewe utakuwa umeelekea wapi?"

"Kwa wanaume," Abdurahman akasema. Alipoona fundi hakuelewa, akaongeza, "Fundi, ule mtambo hauna adabu. Wanawake wanaitikia usoni pangu. Kwetu wanawake huitikia kutoka nyuma ya pazia. Nataka uwarudishe mahali pao."

Hilo la adabu lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. Kitsao alimtazama, akaitazama spika kuukuu iliyotolewa katika redio kubwa ya mbao, akaipangusa kwa kiwiko. Yeye naye alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua.

Walifika Diani baada ya alasiri. Kitsao aliiweka ile spika ya tatu mlangoni, nyuma ya kiti cha Abdurahman. Abdurahman akalitoa shuka lake la kujifunika akalitundika mbele ya spika hiyo liwe pazia. Kitsao akataka kusema jambo, akaacha. Akachuchumaa nyuma ya amplifaya, akaunga nyaya mbili za spika mpya pamoja na zile za spika ya kulia, mmoja tundu jekundu, mmoja tundu jeusi, kama alivyofundishwa. Ukanda ukazunguka.

Sauti nzito ya kiongozi ikamlipukia Abdurahman kisogoni.

"Astaghfirullahi! Wanaume wameingia kwa wanawake!"

Kitsao aliuma mdomo asicheke. Akahamishia nyaya upande wa kushoto. Wanawake wakasogea kidogo, lakini kiongozi alikuwa palepale, nyuma ya shuka, anaguruma kati ya mama za watu.

"Mtoe huyo!"

"Mzee, umeme haujui nani mwanamume nani mwanamke."

"Basi mfundishe!"

Mwenzangu, wewe ungefanya nini? Kitsao alirudi nyuma ya amplifaya, jasho linamtiririka, taa za kioo zinamchoma uso, na huko nyuma kulikuwa na giza. Alikusudia kujaribu tena upande wa kulia. Akapapasa, akachomeka waya mmoja katika tundu jekundu la kulia, na wa pili, akidhani ameupeleka kwenye jeusi, akauchomeka katika jekundu la kushoto. Ukanda ukazunguka.

Mbele, maulidi yalikuwa yaleyale. Nyuma, kiongozi alikuwa ametoweka. Wanaume walibaki kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu. Spika kuukuu ilitoa sauti nyembamba tu, kavu.

"Nimekosea," Kitsao alisema kwa aibu. "Nimeunga nyekundu kwa nyekundu. Ngoja nirekebishe."

"Usiguse!"

Abdurahman alikuwa amesimama nusu, kiti kimemng'ang'ania matakoni. Ule wembamba ulikuwa wanawake. Nyuma ya shuka, nyuma ya mgongo wake, mahali hasa walipokaa siku ile, wanawake wa Msambweni walikuwa wakiitikia.

Kitsao alikuna kichwa, kisha akaanza kunong'ona peke yake kama aliyeokota shilingi. Kiongozi alisimama katikati, vipaza vyote viwili vikamsikia sawasawa, basi kulia na kushoto yumo kwa kipimo kimoja. Na spika iliyofungwa kati ya kulia na kushoto husema tofauti tu. Palipo sawa haina la kusema. Wanawake walikuwa mlangoni, karibu na kipaza kimoja, mbali na kingine. Hao walikuwa tofauti.

Siku nyingine Abdurahman angemshika fundi shati mpaka aelezwe mara tatu. Siku hiyo hakumsikia. Alikuwa akiwahesabu wanawake kwa masikio. Ile ya mikwaruzo, inayochelewa kila kiitikio, ni Kadzo. Ile ya juu ni mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Yule anayekohoa ni jirani yao, Mungu amrehemu. Akamtafuta Mwanarusi. Kiitikio kikapita, na cha pili, na cha tatu. Alikijua kinanda cha koo lile kuliko alivyojua mlango wake, na hakikuwamo. Moyo wake ulijaa hofu, hofu ya mtu mzima aliyeuliza na sasa anajibiwa. Hakuitikia. Alisema haitikii, na hakuitikia.

Kiongozi akanyamaza avute pumzi. Wanaume wakaendelea kuitikia, mbele wakivuma, nyuma wakisikika kwa mbali tu. Na nyuma ya shuka, karibu kabisa, kama mtu aliyeinama kwenye sikio lake, Mwanarusi akasema:

"Kadzo, huyu mpishi wa watu kashakula? Tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Mtengeeni kichwa cha changu, na ndimu msisahau."

Sauti ya mikwaruzo ikajibu, "Si umpelekee mwenyewe?"

"Mimi? Mimi nimenuna. Simsemeshi mpaka kesho."

Kicheko cha wanawake, kimebanwa kwa mtandio. Kiongozi akaanza tena.

Abdurahman aliketi. Alilia bila kuficha, machozi yakamwingia kwenye ndevu, na Kitsao aliyekuwa hajui habari yenyewe alitazama ukuta kwa heshima. Kweli, kesho yake baada ya maulidi yale, Mwanarusi alikuwa amemsemesha. Alimwuliza kama kuna sukari. Abdurahman aliikumbuka sukari ile sasa tu.

Ukanda ulipofika mwisho, Kitsao alisema taratibu, "Niurudishe, mzee? Usikie tena?"

"La. Chomoa huo waya."

"Na tumehangaika hivi?"

"Alikataa sauti yake isikae sandukuni. Leo nimemsikiliza bila idhini yake, naye atanisamehe, maana ndivyo alivyo. Nikirudia, nitakuwa mwizi. Chomoa, mwanangu. Halafu ukae ule."

Kitsao akachomoa. Akala wali wa mpishi, akaondoka na spika yake begani.

Kesho yake asubuhi Abdurahman alikwenda Msambweni. Alimkuta Kadzo barazani akisuka ukili wa mkeka.

"Dada, ile sahani ya siku ya maulidi."

Kadzo hakuinua macho. "Sahani ya Mwanarusi?"

"Mbona nilipokushukuru hukuniambia?"

"Nilikuwa nasubiri uulize." Kadzo aliuweka ukili mapajani. "Wewe, Abdurahman! Uliuliza samaki hulalaje. Uliuliza mwangwi hukaa wapi. Habari za mke wako miaka yote hii umekwenda kuliuliza sanduku, na mimi niko hapa hapa."

Abdurahman alijua amepatikana. Alivua viatu, akakaa kwenye ukingo wa mkeka kama mtoto wa chuo.

"Alisema nini tena, dada? Siku ile?"

Kadzo akasogea kumpa nafasi.

"Mengi," akasema. "Kaa vizuri."