Ligombo Lililokazwa Mno

Siku Odilo alipoliona ligombo lake ndani ya kabati la kioo, hakuangalia kingine chochote. Aliangalia kano. Ilikazwa kama kamba ya kumfungia mbuzi mkorofi.

Ligombo ni ubao uliochimbwa kama hori dogo, na chini yake hufungwa kibuyu cha kukuza sauti. Kano moja ndefu ya ng'ombe hupitishwa kwenda na kurudi, pengo hadi pengo, mpaka zinapatikana nyuzi saba. Ukimaliza kupiga, unalegeza. Usipolegeza, baridi ya Njombe inaivuta kano, kano inavuta ubao, ubao unapasuka. Kila mpigaji analijua hilo. Watu wa makumbusho walikuwa wamekaza ili lipendeze machoni.

Alilichonga mwenyewe, mwaka aliomwoa Emerensiana. Mkono wake ulikuwa wa kuchonga tu. Mpigaji alikuwa mke. Watu walisema mwanamke hapigi ligombo. Emerensiana akawajibu waje wamnyang'anye. Hakuja mtu. Mwaka jana alilazwa hospitali ya Ikonda miezi miwili, Odilo akiwa kando ya kitanda. Huku nyuma mtoto wao, Lenard, akalipeleka ligombo makumbusho, eti kulinusuru na mchwa. Odilo alirudi na jeneza, akakuta msumari mtupu ukutani.

"Kamwene, Babu," alisema Scolastika, mtunza chumba. "Haviguswi hivyo."

"Kamwene. Sigusi. Legeza wewe."

"Hata mimi siruhusiwi. Mpaka mkuu, Bwana Bonaventura. Njoo Jumatano."

Jumatano mkuu alikuwa semina. Ijumaa alikuwa kikaoni. Jumatatu Odilo aliona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia pengo la tatu. Hakungoja kupigwa kalenda tena. Alipanda gari kwenda Makambako, ambako mkuu alikuwa akiandaa maonyesho, akamkuta ukumbini na mafundi wake, wanapanga meza.

"Mzee, tunamsubiri mtaalamu wa kuhifadhi kutoka Dar," alisema Bonaventura.

"Anakuja lini?"

"Tumemwandikia barua."

"Mimi ndiye niliyelichonga. Nipe dakika moja tu."

Bonaventura alicheka, si kwa ubaya. "Mzee wangu, kibao chetu kinasema ni la mwaka 1890. Wewe una miaka mingapi?"

"Labda alichonga akiwa tumboni," alisema fundi mmoja, na wenzake wakacheka.

Odilo aliwaacha wamalize. "Nani alisema 1890?"

"Walikadiria kwa kuangalia mti."

"Mti ndio mzee. Ni nguzo ya ghala la babu yangu. Sasa mpigie simu yule binti anayetunza chumba, afungue kibuyu. Chini yake pana tundu, nililiziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia. Mwaka huo makopo hayo yalikuwepo?"

Bonaventura alipiga simu. Wakangoja. Sauti ya Scolastika ikasikika: "Lipo, bosi. Lina mpaka maandishi ya bluu."

Odilo akadhani sasa ataruhusiwa. Lakini mkuu alivuta kiti akakaa kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Mzee, umeniharibia. Kama si la kale, halikai kabatini. Linaingia stoo."

"Basi nipeni nirudi nalo nyumbani."

"Limeshaingia kwenye rejesta. Kulitoa ni mpaka kamati ikae."

"Inakaa lini?"

"Akidi ikitimia."

Odilo hakujua akidi ni kitu gani. Alielewa tu kwamba hakipo.

Aliporudi Njombe, Scolastika alikuwa peke yake chumbani, kabati limeshafunguliwa. "Nimeambiwa nilitoe leo leo. Shika huko, Babu, lisije likaniponyoka."

Walilibeba hadi stoo, wakalilaza juu ya magunia. Kabla binti hajasema neno, kidole cha Odilo kilikuwa kimeshaukuta ule mwisho wa kano. Scolastika akageuka kutafuta ufunguo ambao alikuwa nao mkononi. Nyuzi zililegea mmoja mmoja, kila mmoja ukitoa mlio mfupi, wa chini. Odilo alisikiliza mpaka wa saba. Ufa ulikuwa umefika katikati ya ubao. Hautarudi nyuma, ila hautaendelea.

"Nijaze fomu ya stoo," alisema Scolastika. "Jina?"

"Andika Emerensiana."

"Ndiye aliyechonga?"

"Ndiye aliyepiga."

Scolastika alipitisha kalamu juu ya karatasi, mstari hadi mstari. "Hakuna mahali pa mpigaji, Babu. Pana mchongaji, mti na mwaka."

"Paache wazi."

"Nikiacha wazi, kamati hawataisoma kabisa. Watalisahau humu."

Odilo aliweka mkono juu ya ubao.

"Andika Odilo," alisema. Na jina lake mwenyewe likamkera alipolisikia.