Tofali Lililopotelea Kwenye Nyasi za Sakafuni

Jamani, sikieni haya!

Leo hapa Kashozi tulikuwa tunachimbua sakafu ya udongo ya bibi ili tumwage zege. Jembe likaibua tofali dogo la mbao, la kuchezea.

Bibi akalipokonya.

Enzi za Mwingereza, yeye na kaka yake, wakiwa watoto, walikuwa wakijenga kanisa la kuchezea kwa matofali kama hilo. Moja likamponyoka bibi, likapotelea kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni. Kaka akadai bibi amelificha. Bibi hajamsamehe mpaka leo! (Kwa tofali, waitu, ndugu zangu!)

Nikampigia simu kaka huyo, babu yetu anayeishi Buganguzi.

Nikamweleza tulichochimbua. Akauliza:

"Lina alama ya jino langu?"

Nikaliomba kwa bibi, nikaligeuza. Ipo! Mchwa wameshindwa, ni mvule. Na babu bado anaikumbuka; nyie jana tu mliweka wapi funguo?

"Mwambie dada yangu nakuja," akasema. "Matofali mengine yote ninayo."