Wafugaji Wote, Bwawa Moja

Binamu yangu Idman alianza kazi yake mchangani, huko Balambala, akicheza shax na baba yake. Ni mchezo wa kokoto: unamzingira mwenzako mpaka akose pa kusogea. Mzee Mursal hakumpendelea kwa kuwa ni mtoto. Idman akifungwa alilia, kisha akadai wacheze tena.

Alipofika chuo kikuu Nairobi, aliifundisha kompyuta mchezo ule ule. Ikamfunga yeye, ikamfunga na mzee, tena bila jasho. Akapata shahada ya udaktari kwa hilo. Nyumbani tulichinja mbuzi, ingawa nusu yetu hatukuelewa tunasherehekea nini.

Kisha akaacha michezo, akaifundisha kompyuta kupanga safari. Akiwa ofisini kwake mjini Garissa, alitengeneza programu ya simu ya kumwelekeza mfugaji kwenye malisho na maji. Wafadhili wakampigia makofi. Wanaume wa sahan, wale wanaotangulia kukagua nchi kabla mifugo haijahama, wakabaki wanakunywa chai. Mimi sikupenda hata kidogo, lakini nani angenisikiliza? Mzee Mursal alikuwa wa kwanza kujisajili, kwa fahari ya binti yake.

Mwaka huu mvua zilikosekana. Nilikuwa nimemtembelea ofisini nilipomwona ghafla akiinamia skrini. Kila nukta ilikuwa kundi la mifugo, na nukta zote zilielekea bwawa moja, upande wa Griftu. Programu ilikuwa imemjibu kila mfugaji kana kwamba yuko peke yake duniani. Mtu wa sahan angeona nyayo za wengine, angeuliza, angerudi kuwaonya wenzake. Idman hakuwa ameifundisha hilo. Niliogopa, na yeye aliogopa kuliko mimi.

Akampigia baba yake.

"Aabo, uko wapi?"

"Tunaliona bwawa. Lakini mbona watu wengi hivi? Wengine wana bunduki."

"Rudini! Aabo, nakuomba, geuzeni ngamia."

"Turudi wapi? Wallahi, ngamia hawa hawafiki popote bila maji." Akapaza sauti. "Kila mtu hapa anaonyesha simu yake, anasema ameambiwa aje yeye."

Nyuma yake wanaume walikuwa wakifokeana. Simu ikakatika. Idman akapiga tena na tena, haikupatikana. Kwenye skrini ikatokea nukta mpya. Mfugaji mwingine alikuwa ameuliza maji yako wapi, na programu ilikuwa imeshamjibu.